Meli ya Mchora Ramani

Ndugu zangu, kabla hatujafungua somo letu la leo, nipeni masikio kidogo. Nina kisa cha kuwaeleza. Mwanzoni mtacheka, nawajua, lakini nawatahadharisha mapema kwamba si kisa cha kuchekesha.

Kulikuwa na mzee mmoja, mchora ramani. Miaka yake yote ya kazi aliipitisha katika ofisi ya ardhi, ameinama juu ya meza pana, akichora mipaka ya viwanja vya watu kwa kalamu ya wino. Mstari wake ulikuwa umenyooka kiasi kwamba wakubwa zake waliwaita wageni waje kuutazama. Akastaafu salama. Akamzika mkewe kwa heshima. Akabaki na binti yake mmoja, aliyeolewa mtaa wa pili tu kutoka pale alipojenga.

Basi asubuhi moja yuko mezani anakunywa chai, kikombe kikamponyoka. Akakitazama kikombe pale chini. Akautazama mkono wake wa kulia. Akauamuru uinuke, mkono ukakaa kimya kama wa mtu mwingine. Ninyi mnaujua ugonjwa huo, upo majumbani mwenu. Kiharusi. Mungu akamnusuru, ulimi ukarudi, mguu ukarudi, lakini ule mkono wa kulia, ule wa kalamu, ulirudi nusu. Ulitetemeka. Tena ulikuwa na tabia mbaya zaidi ya kutetemeka: unashika kitu vizuri kabisa, halafu ghafla, bila taarifa, unakiachia.

Daktari akamwambia, "Mzee, usiulaze huo mkono. Utafutie kazi ndogo ndogo. Shanga, kufuma, chochote unachokipenda."

Sasa mzee yule, ingawa alizaliwa na kukulia nyanda za juu kwenye baridi na hakuwahi hata kulowesha miguu baharini, alipenda meli tangu utoto. Na mjini kulikuwa na duka linalouza meli ndogo za mbao za kujijengea mwenyewe. Unanunua boksi, ndani mna vipande vya mbao, vijikamba, vitambaa vya matanga na kitabu cha maelekezo. Unaunganisha kwa gundi kidogo kidogo mpaka unapata meli ya kuweka sebuleni. Mzee akasema, kazi yangu ni hiyo. Akaenda dukani na binti yake, na binti alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, jina lake Tumsifu, mjukuu wa kwanza wa mzee yule.

Mama mwenye duka akawapokea vizuri. "Karibuni. Nani anajenga?"

"Mimi," akasema mzee.

"Umeshawahi kujenga?"

"Mama, mimi nimechora nusu ya mji huu."

"Sijauliza kuchora, Baba yangu. Nimeuliza kujenga."

Yule mama akashusha boksi dogo, akaliweka mbele yake. Lilikuwa la mashua ya mlingoti mmoja. "Anza na hii," akasema. "Vipande vyake ni vikubwa, vinashikika. Ubavu wake unabandikwa mbao mara mbili. Zile za kwanza ukizikosea, za pili zinafunika. Na maelekezo yana picha kila hatua. Ukiimaliza, urudi, utakuwa unajua mwenyewe unataka nini."

Lakini mzee alikuwa ameshainua macho. Juu ya kabati, ndani ya kioo, ilikuwapo meli ya kivita ya zamani, milingoti mitatu, mizinga imejipanga ubavuni, kamba nyembamba kama nywele zimefungwa mafundo mamia kwa mamia.

"Na hiyo je?"

"Hiyo aliijenga mume wangu. Alishajenga nyingine nyingi kabla ya kuigusa hiyo. Ukitaka boksi lake ninalo, ila mimi sikushauri."

Binti akamgusa bega. "Baba, chukua hii ndogo. Mbona nzuri, jamani."

"Hiyo ni ya watoto," akasema mzee. "Nipe ile kubwa."

Niwaulize, wapendwa. Nani alimcheka mzee yule? Yule mama alimcheka? Binti alimcheka? Ni nani mle dukani aliyemwambia kuwa mashua ndogo ni aibu kwake? Hakuna. Kicheko alikisikia peke yake, kikitoka ndani.

Alipofika nyumbani akajifungia chumbani, akafungua boksi, na hapo akapata mshtuko wake wa kwanza. Juu ya boksi kulikuwa na picha ya meli. Ndani hapakuwa na meli! Kulikuwa na rundo la vijiti. Vijiti vyembamba kama njiti za meno, vipande visivyo na alama, na ukurasa wa mchoro uliojaa mistari kama utando wa buibui. Yeye, mchora ramani, akaugeuza mchoro ule huku na huku asijue juu ni wapi. Hata hivyo akaanza. Akaloweka ubao wa kwanza upate kupinda, mkono ukatetemeka, ubao ukavunjika. Akaloweka wa pili, ukavunjika. Gundi ikaganda kwenye vidole vyake, ubavu wa meli ukakaa upande. Na ile kubwa, ndugu zangu, ubavu wake ulibandikwa mbao mara moja tu, hapakuwa na za kufunika. Kila kosa lilibaki pale pale, likimtazama.

Watu wakawa wanauliza. Wana kwaya, majirani, mkwewe. "Mzee, meli inaendeleaje?"

"Inaendelea," anajibu.

Sisi tunalijua hilo jibu, tunalitumia sana. Inaendelea!

Siku moja, baada ya kuvunja kipande ambacho kisingeweza kupatikana tena, alivaa koti akarudi dukani peke yake. Akaonyesha juu ya kabati. "Ile iliyokwisha kujengwa, inauzwa?"

Mama akashangaa. "Inauzwa. Lakini si unajenga ya kwako?"

"Hii ya kabatini nataka kumpa rafiki," akasema mzee. Akaibeba kwa gari la kukodi, imefunikwa shuka, akaiweka mezani sebuleni. Yale mavunjiko ya ile nyingine akayatia kwenye gunia, akayachoma nyuma ya nyumba.

Haukupita muda Tumsifu akabatizwa, na baada ya ibada wageni wakakusanyika nyumbani kwa babu. Walipoingia sebuleni, wakasimama. Wakaizunguka ile meli. "Mzee! Wewe ndiye umefanya haya?" Mzee hakusema ndiyo. Aliinamisha kichwa tu, akatabasamu, na hilo likatosha. Akashtuka yeye mwenyewe jinsi walivyoamini upesi. Kumbe ni rahisi hivi? Jirani mmoja akahesabu mafundo ya kamba kwa kidole mpaka akachoka. Mchungaji wa mtaa akasema Mungu ametenda. Na mzee akajisikia mwepesi, akajisikia kama siku zile za meza pana na wageni wa wakubwa zake.

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mikononi. Aliitazama ile meli. Akayaangalia yale mafundo, madogo kiasi hicho, yamekaza kiasi hicho. Machozi yakamtoka.

Nisikilizeni hapa. Tangu kiharusi kile, mzee hakuwahi kumbeba mjukuu wake. Hakuna aliyemkataza, yeye mwenyewe hakuomba. Alikuwa akikaa kwenye kiti chake, mtoto amelazwa kitandani, na yeye anamgusa nyayo kwa mkono wa kushoto. Basi.

Binti akatembea moja kwa moja mpaka kwa baba yake, pale alipokuwa amesimama kando ya meza. "Baba," akasema, "na mimi nilikuwa nakuogopea bure. Kumbe mkono umepona hivi! Mshike mjukuu wako. Wakupige picha hapo hapo na meli yako." Na kabla hajajibu, mtoto alikuwa kifuani kwake.

Watu wakapiga vigelegele. Simu zikainuliwa.

Mzee akaganda. Uzito wa mtoto ule, joto lake, harufu ya mafuta kichwani mwake, vyote alivitamani kwa muda mrefu, na sasa vilimtia hofu. Alijua. Chumba kizima yeye peke yake ndiye aliyejua. Na kumwokoa mtoto kulihitaji maneno mawili tu, ndugu zangu, maneno mepesi ambayo mzee yeyote angeweza kuyasema bila kuona haya: "Ngoja nikae." Kiti kilikuwa nyuma yake. Ngoja nikae! Lakini mtu aliyefunga mafundo yale yote anahitaji kukaa ili kumshika mtoto? Wangemtazamaje? Akasimama wima. Akatabasamu kwenye simu.

Mkono wa kulia ukaachia.

Mtoto alianguka kwenye sakafu ya saruji.

Naona mmeziba midomo. Na wale waliokuwa mle ndani waliziba vivyo hivyo. Vigelegele vilikatika kama vimekatwa kwa kisu. Mtoto hakulia. Hilo ndilo lililowatisha kuliko yote, hakulia. Kisha akavuta pumzi ndefu, akatoa ukelele, na binti alikuwa ameshamnyakua anakimbia naye nje bila viatu.

Hospitalini wakampima. Kichwa kilikuwa salama. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika, na daktari akasema kwa watoto wachanga mfupa ule huunga upesi, ila watamlaza wamtazame. Mzee alifika baadaye. Akamkuta binti yake kwenye benchi la ukumbini, vumbi miguuni, gauni la ubatizo la mtoto limekunjwa mapajani.

Alitegemea matusi. Alikuwa tayari kwa matusi. Binti akainua uso, akasema, "Baba, nisamehe."

Mzee akasimama kama aliyepigwa kofi.

"Ni mimi," binti akaendelea. "Nilimwachia mapema. Hujamshika sawasawa nikaondoa mikono. Mkono wako ulikuwa mzima, ni mimi nilifanya haraka. Sijui nitamwambia nini mume wangu."

Wapendwa, mnaona mlango uliofunguka pale? Mzee angeweza kupita. Angeweza kumpapasa binti yake mgongoni, akasema, "Usijilaumu, mwanangu, ni ajali," na mambo yakaisha. Meli ingebaki sebuleni mpaka anakufa, na binti angebeba mzigo ule mpaka naye anakufa. Na nawaambia ukweli, mzee aliutazama mlango ule. Alifungua kinywa mara ya kwanza, akakifunga.

Halafu akasema, "Ile meli si yangu."

"Unasemaje, Baba?"

"Niliinunua. Ni ile ya dukani, ile ya kwenye kioo. Yangu niliivunja, nikaichoma. Mkono haujapona, mwanangu. Asubuhi ya leo umeniangushia mswaki. Nilijua, na nikamshika mtoto hivyo hivyo. Usijilaumu kwa lolote."

Mzee akasubiri. Akafikiri sasa yanakuja yale matusi. Lakini alichoambiwa kilimuuma kuliko tusi lolote ambalo angeweza kulitunga.

"Baba," binti akasema, taratibu, kama mtu anayeuliza njia, "ungeniambia tu bado unatetemeka, ningekupa mtoto hata hivyo. Ungekaa kwenye kiti chako, mimi ningekaa kando yako, tungemshika wote wawili. Nilikuwa nasubiri uniombe. Meli alikudai nani?"

Mzee akaketi kwenye benchi. Akainama, akaufunika ule mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akalia pale ukumbini mbele ya watu asiowajua.

Mtoto alipona. Binti alikaa majuma kadhaa bila kukanyaga kwa baba yake. Alisamehe, lakini miguu ilikuwa mizito. Hayo ndiyo yaliyotokea, sitawapambia.

Sasa tuseme na sisi. Tumekuja hapa leo tumevaa vizuri. Sisi wazee wa kanisa, sisi akina mama wa maombi, sisi vijana wa kwaya, na mimi niliyesimama hapa mbele. Wangapi kati yetu tumeweka sebuleni meli ambayo hatukuijenga? Sala ndefu tusiyoisali tukiwa peke yetu. Ndoa inayong'aa mlangoni mwa kanisa. Ushuhuda wa kuacha pombe ambayo bado iko chini ya kitanda. Tulikataa kuanza na kidogo kwa sababu kidogo kilitutia aibu, tukaruka tukachukua kikubwa, kikatuvunjikia, na badala ya kusema kimevunjika tukatafuta cha kuonyesha.

Nanyi mnadhani uongo ule haumdhuru mtu, kwa kuwa ni mapambo tu. Mnakosea! Watu wanatuamini, ndugu zangu. Ndilo jambo la kutisha. Kuna mtu anakutazama jinsi ulivyo imara, anasema huyu amepona, na kesho atakuja kukuwekea mikononi kitu anachokipenda kuliko roho yake: mtoto wake akulelee, siri yake uitunze, ndoa yake uisuluhishe. Atakuja huku analia kwa furaha. Utafanyaje? Utasimama wima?

Mungu hakukuomba meli. Alikuwa anasubiri umwombe akae kando yako. Kwa hiyo leo, kabla hujatoka mlango ule, mtafute mtu mmoja hapa ndani unayemwamini, na akikuuliza hali yako usimwambie inaendelea. Mwambie, "Bado natetemeka." Halafu ukae chini, mwache akusaidie kushika.