Kibanda cha Mwisho Rukindo

Haya, sogeeni. Hii sisimulii ili mlale, nasimulia ili mgombane.

Huko Rukindo, ufukweni mwa Ziwa Victoria, palikuwa na kambi ya wavuvi wa dagaa, vibanda vya matete na mabati yenye kutu. Kibanda kimojawapo kilikuwa cha ndugu watatu wa tumbo moja. Nyabise, dada mkubwa, alijua moto. Hata kuni mbichi zilimtii. Masatu hakujua woga. Mugeta alijua kusoma na kusema na wakubwa.

Kambi ilikuwa na desturi yake. Mwezi ukipevuka dagaa hawafuati taa za karabai, basi kila mtu hufunga kibanda na kupanda mlimani kwa jamaa zake. Wapima ardhi wakaja siku hizo hizo, wakakuta kimya, wakaandika: eneo tupu. Tupu, jamani! Mwaka haukuisha, yakasimama maghorofa yenye vioo vya buluu na kuta zinazoingia mpaka majini. Vibanda vikang'olewa kimoja kimoja, kikabaki hicho cha ndugu watatu.

Nyabise alikonda kwa mawazo. Mumewe alizama mbele ya kibanda kile na maiti haikupatikana. "Siku ziwa likimrudisha, atapokewa na nani?" alikuwa akiuliza.

Mwezi ulipopevuka tena, ndugu wale hawakwenda mlimani. Asubuhi tingatinga likaja.

Nyabise alikuwa ameshakoka moto. Dereva, aliyeambiwa kibanda hakina mtu, akaona moshi, akafunga breki. "Mimi sibomoi nyumba inayopikiwa!" Msimamizi wa ujenzi akamfokea mpaka akakanyaga mafuta tena.

Muda ule wa kubishana ulimtosha Masatu kutoka mtumbwini mbio. Akajilaza mbele ya tingatinga. "Haya, pita!" Dereva akazima injini. Msimamizi akaita vijana wake wamburute.

Walipomshika miguu, Mugeta akatokea na mwenyekiti wa kijiji, mkononi mwake daftari la zamani la kambi, lenye jina la baba yao kama mwenye kibanda. Vijana wakamwachia Masatu.

Bila moshi, Masatu angechelewa. Bila Masatu, daftari lingekuta kifusi. Bila daftari, Masatu angeburutwa na kibanda kingelala chini.

Jioni tajiri mwenye maghorofa akaja mwenyewe. "Sawa, kibaki. Lakini kwa jina moja, mtu mmoja. Wengine wasikanyage hapa tena. Jua likizama sina jina, nabomoa." Mwenyekiti akainamisha kichwa, akatazama viatu vyake mwenyewe.

"Dada, kaa wewe," Masatu akasema. "Shemeji yumo humo majini."

"Na wanangu watano nikawalishe nini huko mlimani, mawe?" Mugeta akauliza. "Na wewe Masatu, tangu uzaliwe umejua kazi gani zaidi ya mtumbwi?"



"Na mkinipa mimi," Nyabise akasema, "wavu nitavuta na nani?" Akakaa chini kando ya mafiga yake akalia kwa sauti, mbele ya tajiri na vijana wake, wala hakujifunika uso.

Jua limegusa maji. Dereva amewasha injini, na ndugu watatu hawajataja jina.

Je, wewe ungetaja la nani? Taja, tunakusikiliza. Ila likishakutoka mdomoni, nenda mwenyewe ukawaambie wale wawili wafunge virago.