Tundu la Pili

"Kufuli la mwenzio halikukingi." Mmeisikia leo asubuhi karakana, yule fundi alipomwambia mwenzake, mkacheka mkidhani wanataniana kuhusu vyuma. Sasa mnataka kujua imetoka wapi. Vizuri, maana anayecheka methali asiyoijua huenda kesho ikamcheka yeye. Methali hii ilianza hivi.

Kwenye kiwanda kimoja cha chai, huko nyanda za juu ambako ukungu haupandi mpaka saa nne, alikuwako fundi umeme aitwaye Luvanda. Alikuwa na miaka kumi na tisa kazini. Mota ikikohoa, aliitwa Luvanda. Taa za bohari zikizima, Luvanda. Hata redio ya mke wa meneja ilipokwama aliitwa yeye, akaitengeneza, na habari hiyo aliisimulia mwaka mzima. Alipenda kuitwa. Si kosa, nani asiyependa? Kosa huanza siku anapoitwa mwingine nawe ukaona umeibiwa.

Huyo mwingine alikuwa Ezelina Nyagawa, binti aliyetoka chuo cha ufundi miaka miwili kabla. Luvanda ndiye aliyempokea na kumwonyesha kila swichi na kila kona. Alimpenda sana Ezelina alipokuwa hajui kitu. Alipoanza kujua, mapenzi yalipungua kidogo kidogo, na alipoanza kuulizwa na wengine, yakaisha.

Basi kiwanda kikaamua kuacha kuhesabu kreti za majani kwa chaki. Kila kreti ikabandikwa kitambulisho kidogo, chembamba kama kipande cha ukucha, kinachosomwa kwa mawimbi bila kuguswa. Kreti ikipita kwenye mkanda, antena zinakisoma, na kisanduku kimoja kinapeleka habari kwenye kompyuta za ofisini: kreti fulani, shamba fulani, saa fulani. Kisanduku hicho ndicho roho ya mtambo wote. Kisipofungwa sawasawa, kompyuta zinabaki zimetoa macho tu.

Mhandisi Chaula, mkuu wa mafundi, aliwakusanya wote akasema kazi ya kukifunga ataiongoza Ezelina, na atakayekifunga ndiye atakayekuwa msimamizi wa mtambo huo. Mafundi wakapiga makofi. Luvanda naye alipiga, mara mbili, akaacha. Nafasi ya usimamizi alikuwa akiingoja tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi, na sasa aliiona ikimpita machoni kumwendea mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika testa ya kupimia umeme. Kijiba cha roho kilimshika pale pale.

Sasa lazima niwaeleze desturi ya kiwanda kile, maana bila hiyo hamtaelewa. Mtu hagusi mashine mpaka swichi kuu ishushwe, na ikishushwa inabanwa kwa kibanio cha chuma chenye matundu sita. Kila anayeingia kazini anatundika kufuli lake, lenye jina lake, na ufunguo anautia mfukoni mwake mwenyewe. Swichi haipandi mpaka kila kufuli litoke. Tundu la kwanza ni la kiongozi wa kazi, wengine wanamfuata. Na kiongozi, kabla ya kutoa kufuli la mwisho, sharti aite mara tatu kwa sauti, aliye ndani aseme. Desturi hiyo Luvanda mwenyewe alikuwa akiifundisha, na alikuwa mkali nayo.

Alhamisi Ezelina akashusha swichi, akatundika kufuli lake tundu la kwanza, akapima waya kwa testa kuhakikisha umekufa, kisha akavaa mkononi kamba nyembamba iliyounganishwa na chuma cha ardhini. Vifaa vile vya ndani ni vyepesi kudhurika. Umeme mdogo tu unaotoka kwenye nguo zako, usiousikia hata kidoleni, unaweza kuviua.

Luvanda akapita, kana kwamba ni kwa bahati tu, kumbe amekusudia.

"Kamwene, Ezelina. Naona leo tumevaa bangili kazini."

"Kamwene, kaka. Kitabu cha mtambo kinasema tuvae."

"Sisi tulifunga kiwanda hiki bila kitabu."

"Najua, kaka. Ndiyo maana nakuomba uje tuangalie pamoja. Kibanio kina nafasi."

Binti alisema kwa moyo mweupe. Lakini Luvanda alikitazama kibanio, akaona jina la Ezelina tundu la kwanza na tundu la pili likiwa wazi. Akajiona na miaka yake kumi na tisa ananing'inia chini ya jina la mtoto wa juzi, kila apitaye asome. Akasema ana kazi bohari, akaondoka. Bohari hakwenda. Alisimama nyuma ya mashine ya kukaushia majani akimtazama, na kila skrubu aliyoikaza Ezelina aliisikia inakazwa kifuani mwake.

Saa nane Ezelina alimaliza. Akatoka kumwita Mhandisi Chaula aje ashuhudie umeme ukirudishwa. Kufuli lake aliliacha pale pale, kama inavyotakiwa.

Luvanda akatoka mafichoni. Alitaka kitu kimoja tu, kosa. Hata dogo. Angelipata angelirekebisha haraka, kisha angesema mbele ya Chaula, kwa upole, kwamba amepita akaona hatari, akaokoa. Akafungua kabati la umeme alimokifunga Ezelina kile kisanduku. Kisanduku kimekaa imara kwenye reli yake. Waya wa ardhi upo. Nyaya za mtandao zimepitishwa mbali na nyaya za mota ili zisipotoshe habari. Mashimo yamezibwa ili vumbi la chai lisiingie. Kazi ilikuwa safi, na usafi ule ulimuuma kuliko kosa lolote. Laiti angekuwa amefanya yeye.

Akaenda kwenye antena. Ya kwanza nzima. Ya pili ilikuwa chini ya mkanda, nyuma ya bati la kukinga, na alipoinama akaitikisa, ikacheza. Moyo ukamruka kwa furaha. Akachukua spana.

Hapo ndipo alipokumbuka kufuli. Lake lilikuwa mfukoni, analigusa. Kulitundika ni kwenda hatua ishirini mpaka ukutani na kulitia tundu la pili, chini ya Ezelina, na kila mtu ajue kwamba ameingia kwenye kazi ya Ezelina. Akatazama ule ukuta. La yule binti lipo, akajiambia, swichi haipandi. Linanitosha na mimi.

Akalala chali, akajisukuma chini ya mkanda, akapitisha mkono wa kushoto kati ya mapipa ya chuma yanayozungusha mkanda, akaanza kukaza nati. Antena ile, kwa taarifa yenu, ilikuwa imeachwa legelege kwa makusudi. Kitabu kilisema isikazwe mpaka ijaribiwe na kreti na kugeuzwa inapopaswa. Lakini mwenye kijicho hana subira ya kusoma.

Akasikia viatu, na sauti ya Chaula ikimsifu Ezelina. "Safi sana. Sijaona kabati limepangwa hivi hapa kiwandani." Maneno hayo yalimwingia Luvanda kule chini kama pilipili jichoni.

Ezelina akaita, "Nafungua kufuli. Aliye ndani aseme."

Luvanda alisikia. Angejibu, angetoka amejaa vumbi mbele ya Chaula, ashikwe kwenye kazi isiyo yake kama mwizi wa kuku. Akanyamaza. Nitatoka polepole upande wa pili, akawaza.

Ezelina akainama, akatazama urefu wote wa mkanda. Luvanda akavuta miguu ndani asionekane.

"Nafungua kufuli. Aliye ndani aseme."

Akavuta mkono. Haukuja. Mkono wa ovaroli ulikuwa umenasa kwenye nati aliyoikaza mwenyewe. Akavuta tena. Jasho likamtoka.

"Nafungua kufuli. Aliye ndani aseme."

Hata hapo hakusema. Msinishangae. Aibu ikishafunga mdomo, ufunguo hubaki nao yenyewe. Alidhani ipo nafasi ya kuvuta mara moja zaidi.

Kufuli likalia, likatoka. Swichi ikapanda. Ndipo Luvanda alipopiga ukelele, na ukelele wake ukakutana na king'ora cha kuanzia mashine. Ezelina alikuwa wa kwanza kusikia. Aliruka, akapiga kitufe chekundu cha dharura kwa kiganja kizima. Mkanda ulikuwa umesogea kiasi cha shubiri moja tu. Shubiri hiyo ilitosha. Walipomtoa, vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha mwisho na kinachokifuata, havikuwa na kazi tena.

Zahanati ya kiwanda ilikuwa karibu. Tabibu akafunga mkono, Chaula amesimama mlangoni, uso umemkauka. Nje Ezelina amekaa chini, analia bila sauti, anasema na nafsi yake, "Nimemkata kaka yangu. Nimemkata." Kiwanda kizima tayari kilikuwa na hukumu: binti ana haraka, kafungua kufuli bila kuangalia. Wengine walisema ndivyo ilivyo ukimpa mtoto kazi ya wakubwa.

Chaula akauliza, "Luvanda, nisaidie. Nilikuwa natazama lile kabati, kichwa kimejaa, siwezi kuapa. Aliita mara tatu au hakuita? Kama hakuita, leo hii anaondoka, na mtambo unaushika wewe."

Sasa oneni mtihani huo. Alichokitamani kwa miaka kilikuwa mbele yake, kwa neno moja, na hakuna ambaye angembishia. Mkono unamuuma, vidole viwili vimekwenda, na moyoni kile kijiba bado kipo, kinamwambia, umeshalipia, chukua. Naye alimchukia Ezelina bado. Msidhani maumivu huponya wivu. Alimchukia hata kwa kilio chake, maana kilikuwa kilio cha mtu mwema.

Akautazama mkono wake uliofungwa bandeji.

"Aliita mara tatu," akasema. "Nilizisikia zote."

"Ulizisikia?"

"Zote. Na aliinama kuangalia. Mimi nikavuta miguu."

"Kwa nini, Luvanda? Na kufuli lako lilikuwa wapi?"

Luvanda akatia mkono wa kulia mfukoni, akalitoa, akaliweka kwenye meza ya dawa, na ufunguo wake bado umo ndani.

"Sikutaka likae chini ya lake," akasema. "Nilitaka kosa lake, nilitaka kazi yake, nilitaka sifa yake. Nikachukua hata kufuli lake, nikasema litanikinga. Kufuli la mwenzio halikukingi, mhandisi. Lilikuwa linamngoja mwenyewe, na mwenyewe alipokuja likamfungukia."

Chaula akatoka nje, akamwinua Ezelina, akamrudishia kufuli lake, ambalo alikuwa ameliokota pale ukutani.

Tabibu aliyasikia maneno yale, akayapeleka nyumbani. Wachumaji wakayachukua mashambani, wanawake wakayatia sokoni, na leo husemwa hata kwa mtu asiyejua swichi ni nini: anayetegemea elimu ya ndugu yake, anayejificha chini ya jina la rafiki, anayelala mlango wazi akitegemea mlinzi wa jirani. Jirani akiwa na kinga, ni kinga yake. Siku akiiondoa hatakuuliza, kwa kuwa hajui kwamba wewe umo, na hajui kwa sababu wewe mwenyewe uliona haya kumwambia.

Kufuli la mwenzio halikukingi.