Jina la Mtoto wa Nakundwa

Sogeeni msikie yaliyompata Nakundwa wa milima ya Upare, kisha mnisaidie kuamua. Wamo wanawake watatu. Elinami, jirani yake, alikuwa msusi wa mikeka, vidole vyake vikavu na vyenye nguvu. Namsifu, wifi yake, alijaliwa subira. Daktari Naetwe wa hospitali ya bondeni aliijua mishipa ipitayo ndani ya mfupa wa taya.

Asubuhi moja Nakundwa, mjamzito wa miezi sita, alikuwa akikamua. Ng'ombe akarusha teke, taya la chini likavunjika. Akataka kuita, kinywa hakikumtii.

Elinami alisikia ndoo ikianguka, akaja mbio. Damu ilikuwa ikiruka ukingoni mwa taya, pale mshipa unapotoka shingoni na kupanda usoni. Akaukandamiza kwenye mfupa kwa kidole gumba, asikiondoe mpaka hospitali.

Damu nyingine ilijaa kinywani. Watu wakataka kumlaza chali kwenye machela, Namsifu akakataa. Saa tatu nzima za mteremko aliuinamisha uso wa wifi yake, damu idondoke nje isimzibe pumzi. Nakundwa aliona mawe ya njia tu. Mtoto alicheza tumboni, naye hakuweza kumwambia mtu.

Daktari Naetwe alikuta mfupa umepasuka penye mfereji mwembamba ambamo mshipa wa damu na mshipa wa fahamu hupita pamoja. Wa damu ulikuwa umekatika. Akaufunga, akaunga taya, wa fahamu asiukate.

Mtoto wa kike akazaliwa salama. Lakini mdomo wa chini wa mama ulibaki na ganzi. Alimbusu mwanawe asihisi kitu. Akauliza itatoka lini.

“Huenda mwakani, huenda isitoke kamwe,” daktari alisema. “Hapo sina uwezo, mama.”

Kwa desturi ya ukoo wao, aliyemwokoa mzazi ndiye mtoto huitwa jina lake. Bila Elinami, Nakundwa asingevuka hata uzio. Bila Namsifu, angesongwa na damu njiani. Bila daktari, jitihada za wale wawili zingepotea bure. Siku ya kumtoa mtoto nje na kumpa jina wote watatu walikuja, wala hakuna aliyedai. Mume akamwambia mkewe, “Taja wewe.” Nakundwa akawatazama mmoja mmoja.

Nanyi mnaonisikiliza, mngemwita nani mtoto huyu?