Mkawasi na Shamba Lililokataa Jembe

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na jembe, na mwenye jembe!

Haya, sogeeni. Anayepukuchua mahindi apukuchue, ila masikio anipe mimi.

Hapo kale, katika kijiji kimoja cha mlimani, aliishi mjane jina lake Mkawasi. Mumewe alifariki kabla hawajajaliwa mtoto. Shamba la marehemu likachukuliwa na shemeji yake, Mwakio, na Mkawasi akaachiwa kipande nyuma ya nyumba, ukubwa wa mikeka mitatu.

Lakini Mkawasi alikuwa na kazi yake. Yeye ndiye aliyetunza mbegu za kijiji. Kila mavuno alipita mashambani akichagua masuke yaliyojaa na kunde zisizotobolewa. Mbegu alizichanganya na majivu, akazitia katika vibuyu saba, akaviziba kwa nta, akavitundika juu ya mafiga vipate moshi.

Mvua zikikaribia, wanawake walikuja. Mkawasi akampa huyu mtama, yule kunde, yule choroko. Hakumuuliza mtu atarudisha nini. Alisema tu, "Nenda kapande, dada. Tutaonana kwenye mavuno."

Basi, siku moja, mawingu yalipoanza kujikusanya, akaja zimwi kijijini. Zimwi huyo alikuwa na midomo miwili. Wa mbele wa kusema, wa kisogoni wa kumezea. Akaezua paa la Mkawasi kwa kidole kimoja, akavitoa vibuyu vyote saba, akavimeza vizima vizima. Gudu! Gudu! Gudu! Kisha akajiendea zake ng'ambo ya bonde.

Kijiji kizima kikashika tama. Mvua iko mlangoni, na mbegu hakuna hata punje!

Wanaume wakachukua mikuki, Mwakio akiwa mbele. Walipofika bondeni, zimwi akapiga chafya moja tu. Walirudi mbio, na mikuki wakaiacha hukohuko.

Mkawasi akaketi kizingitini akawaza. "Mimi sina mtoto wa kunililia, wala mume wa kunizuia. Na mbegu nilikabidhiwa mimi." Akatwaa jembe lake, akateremka bondeni.

"Hodi, Bwana Zimwi."

"Umekuja kuliwa?"

"Nimekuja kuomba mbegu zetu. Tumboni mwako hazikushibishi, na sisi bila hizo tutakufa njaa."

Zimwi akacheka kwa midomo yote miwili. "Unaliona shamba hili? Udongo mweusi, maji karibu, na halijawahi kulimwa. Lilime lote. Jua likizama nalo liko wazi, nitazitapika mbegu zako na nitahama. Nakupa siku tatu. Ukishindwa, nakumeza wewe na jembe lako."

"Unaahidi?"

"Zimwi akivunja ahadi, mdomo wake wa kisogoni huziba, akafa njaa. Naahidi."

Siku ya kwanza Mkawasi akaamka alfajiri, akalima akiimba:

*Jembe panda, jembe shuka,*
*udongo fumbuka,*
*mbegu ipate nyumba.*

Alilima mpaka mchana. Alipogeuka atazame kazi yake, hakuiona. Udongo ulikuwa umejifunga. Majani yalisimama vilevile, kana kwamba jembe halijapita.

"Siku moja hiyo!" zimwi akacheka.

Siku ya pili akalima tena. *Jembe panda, jembe shuka.* Akafungua huku, kukafunga kule. Akakimbilia kule, kukafunga huku. Jasho likamwingia machoni. Ndipo akagundua jambo moja. Pale miguu yake ilipokanyaga, udongo haukufunga. Lakini mtu mmoja ana miguu miwili tu.

"Siku mbili hizo!" zimwi akacheka.

Alasiri hiyo, jirani yake aitwaye Wakesho alishuka kwa kunyatia, amebeba viazi vitamu na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akajibanza kichakani, akaona yote, kisha akamsogelea.

"Kula kwanza, dada," akamwambia kwa sauti ya chini.

Mkawasi akala, akamweleza habari ya ahadi na habari ya udongo. "Palipo na mtu hapafungi. Lakini niko peke yangu. Sasa rudi nyumbani, Wakesho. Wewe una watoto."

Wakesho akamtazama viganja, vilikuwa vimechubuka mpaka damu. Akapanda mlima.

Jua lilikuwa bado halijatua, naye alikwisha kuwakusanya wanawake wote kisimani. Akawauliza:

"Mwaka nilipojifungua mapacha, nikashindwa kuvuna hata kikapu, nani alinipa mbegu?"

"Mkawasi."

"Mwaka wa nzige, nani alitupatia mbegu?"

"Mkawasi."

"Na mwaka nyumba ya Wawuda ilipoungua pamoja na ghala, nani alimpa mbegu?"

"Mkawasi!"

"Basi yuko bondeni peke yake, na kesho ataliwa."

Wawuda, mke wa Mwakio, akaweka mtungi chini.

Alfajiri Mwakio alimkuta mkewe akimfunga mtoto mgongoni. "Mama Mghoi, unakwenda wapi? Zimwi yule alitushinda sisi wenye mikuki!"

"Ni kweli, Baba Mghoi, mlikwenda na mikuki. Sisi tunakwenda na majembe." Akatoka.

Siku ya tatu Mkawasi alikuwa akilima polepole, maana mikono ilimwuma, na moyoni alikwisha kuaga. Mara akasikia wimbo wake unaimbwa, nao hautoki kinywani mwake.

*Jembe panda, jembe shuka,*
*udongo fumbuka,*
*mbegu ipate nyumba.*

Akainua macho. Wanawake walikuwa wanateremka mlimani, majembe begani, watoto mgongoni. Mkawasi akataka kuwaambia warudi, lakini walikwisha kufika.

"Nilisema wewe!" zimwi akanguruma.

"Ulisema shamba lilimwe, Bwana Zimwi," akajibu Wakesho. "Hukusema ni kwa mikono mingapi."

Wakajipanga. Waliotangulia wakalima, waliofuata wakasimama juu ya matuta, miguu ikigusana. Udongo ukanguruma chini yao, ukataka kujifunga, ukashindwa. Bibi Mkamburi, ambaye meno yalimwisha na jembe lilimshinda, akajiketia juu ya tuta, akanyoosha miguu.

"Nami nitalima kwa makalio," akasema. "Haya, udongo, funga tuone!"

Wanawake wakacheka hata wakasahau hofu.

Zimwi akapiga chafya. Wakashikana viuno, aliyeyumba akashikwa na mwenzake. Akapiga ya pili, wakashikana. Akapiga ya tatu, watoto wakalia, lakini hakuna aliyetoka mahali pake. Nao wakalima, wakapokezana, wakalima, mpaka hapakubaki hata unyasi uliosimama.

Jua likazama. Udongo ukanyamaza, ukatulia kama mtoto aliyeshiba.

"Shamba hilo," Mkawasi akasema. "Toa mbegu."

"Sitoi!"

Papo hapo mdomo wa kisogoni ukaanza kuziba. Zimwi akajishika shingo. "Natoa! Natoa!" Akakohoa, vibuyu vikabingirika kimoja kimoja mpaka saba, nta haijabanduka hata kidogo. Kisha akatimua mbio, na alikohamia hakuna ajuaye mpaka leo.

Walirudi asubuhi wakapanda, na jioni ile mvua ikanyesha.

Mtama ulipoanza kuchanua, wanaume wakakaa baraza kulizungumzia shamba lile. Huyu alisema liko upande wa ukoo wake, yule alisema babu yake aliwahi kulisha mbuzi pale. Bibi Mkamburi akapita na fimbo yake, akasimama.

"Wanangu, shamba lile limelimwa na nani?"

Mwakio ndiye aliyejibu, taratibu, macho chini. "Na wake zetu, mama. Na shemeji yangu Mkawasi."

"Basi mnajadili nini?"

Hapakuwa na cha kujadili. Shamba likawa la wanawake. Kila mmoja akapata matuta yake, na Mkawasi akapata yake, mapana kama ya wenzake.

Mavuno yalikuwa makubwa. Mkawasi akajaza kikapu kunde za kwanza, akaenda kwa Wakesho kushukuru. Hakumkuta. Akaenda kwa Wawuda, hakumkuta. Akaenda kwa Bibi Mkamburi, naye hayupo! Akarudi nyumbani na kikapu chake kichwani, ameingiwa na wasiwasi.

Akawakuta wote uani kwake. Kila mmoja alikuwa na kikapu, na wote walimtafuta yeye.

"Nilikwenda kwenu kuwashukuru," Mkawasi akasema.

"Sisi tulitangulia," Wakesho akamjibu. "Ni miaka mingi tunadaiwa shukrani hii, dada. Ipokee."

Mkawasi akakitua kikapu chake kati ya vyao, machozi yakimtoka. Wawuda akamvuta karibu. Kisha wakainjika chungu kikubwa, wakapika kunde za vikapu vyote pamoja, na aliyepita njiani akaitwa, akapakuliwa.

Hadithi yangu imeishia hapo, wajukuu zangu, na aliyebaki na njaa akawaulize wale waliokula kunde. Anayekulisha mshukuru angali hai, wala usimshukuru kwa mdomo peke yake. Shukrani ya kweli hushika jembe.