Kengele Kwenye Mteremko wa Kwemvumo

Kengele ni hodi, si karibu. Mmeisikia leo asubuhi pale getini, mama wa tiketi alipomwambia kijana mwenye baiskeli nyekundu, mkacheka mkidhani anamtania. Hakuwa anamtania. Watu wa Kwemvumo hawaisemi methali hii kwa mzaha, na nyinyi mnaotaka kupanda na baiskeli msituni kesho ni afadhali mjue ilikotoka kabla hamjaizoea mdomoni. Methali hii ilianza hivi.

Msitu wetu ni wa watu wote, tangu ulipofanywa hifadhi ya mji. Wako wanaokuja kutembea na kupunga upepo. Wako kina mama wanaoruhusiwa kuokota kuni zilizoanguka. Na wako watu wa vitongoji vya juu, ambao hawana njia nyingine ya kushukia mjini ila vijia hivyo hivyo vya msituni. Halafu zikaja baiskeli, zile za magurudumu manene zinazopanda mawe na mizizi.

Aliyezileta ni Hoza, fundi baiskeli aliyekuwa na kibanda karibu na stendi. Alikuwa mtu wa watu, mwepesi wa salamu, na baiskeli aliipenda kama wengine wanavyopenda mpira. Alikusanya vijana, wakaunda kikundi, wakaenda kuomba ruhusa kwa kamati ya hifadhi. Kamati ikasita. Watu walishalalamika kwamba baiskeli huja kimya kutoka nyuma, na mtu hushtukia gurudumu liko kisiginoni. Hoza ndiye aliyepata dawa. Kila baiskeli ifungwe kengele, na kila mpandaji aipige kabla hajamfikia mtu. Kamati ikaridhika, na vijia vikafunguliwa.

Mwanzoni kengele zilisaidia kweli. Lakini mazoea yana tabu. Wapanda baiskeli walizoea kupiga, na watembea kwa miguu wakazoea kuruka. Haukupita muda mrefu, mama mwenye kuni kichwani akisikia tu ngri-ngri, anajitupa kwenye magugu. Mzee mwenye mkongojo anakumbatia mti. Mpandaji naye anasema "Ahsante" na kupita bila kupunguza mwendo. Hoza aliiona hiyo kuwa adabu kubwa, na aliwahi kujisifu kibandani kwake kwamba vijia vya Kwemvumo vina heshima kuliko barabara za mjini. Hakuwahi kujiuliza kama wale wanaompisha wameridhia au wameogopa tu.

Mwaka huo, mvua zikiwa zinaelekea ukingoni, Bi Nyange wa kitongoji cha juu alishikwa na nimonia. Kifua kilimbana, akawa anavuta pumzi kwa taabu. Ikabidi ashushwe kwa machela, na machela ya kwetu mnaijua: blanketi limefungwa kwenye mti mrefu, mtu mmoja mbele na mmoja nyuma, mgonjwa analala katikati. Gari la hospitali lilikuwa linasubiri getini. Mumewe, Mzee Mahanyu, alitangulia mbele na kifurushi cha nguo za mkewe. Mbele ya machela alishika jirani mmoja, na nyuma alishika Singano, mtoto wao. Majirani wengine walijitolea kumpokea ili apumzike, akakataa. Alisema mama yake atambeba mwenyewe mpaka chini.

Walipofika kwenye mteremko mwembamba, pale ambapo upande mmoja ni ukingo wa udongo uliosimama kama ukuta na upande wa pili ni korongo, Hoza alikuwa anashuka kutoka juu peke yake. Alichoona ni mgongo wa mwanamume na ncha ya mti begani. Akadhani ni mtu wa fito za kujengea, maana hao hupita kila siku. Akapiga kengele.

Singano aliruka. Aliruka kuelekea ukingoni, kama alivyozoea yeye na kila mtu. "Ahsante, kaka," Hoza alisema, na neno lilikuwa limeshamtoka alipouona mti ukiteleza kwenye bega na blanketi likifunguka. Bi Nyange alianguka njiani, kisha akabingirika korongoni.

Hoza alishika breki, na baiskeli ikasimama kabla ya kumgusa mtu yeyote. Aliitupa, akateremka na kina Singano kumtoa mama wa watu. Mguu ulikuwa umevunjika. Walimfikisha hospitali akiwa hai, lakini baada ya siku chache alifariki. Daktari alisema kifua kilikuwa kimeharibika sana tangu mwanzo. Kama ni kifua kilichomchukua au ni lile anguko, hakuna aliyeweza kusema.

Watu, hata hivyo, hawakosi la kusema. Hata kabla matanga hayajaanuliwa, maneno yalikuwa yanatembea bombani na dukani kwamba Singano alimtupa mama yake mwenyewe. Wengine walisema kwa huruma, wengine kwa umbea, lakini neno lilikuwa ni hilo hilo. Singano akaacha kutoka nje.

Kamati ikaitisha mkutano. Wenzake Hoza wakamjia kibandani mapema. "Kengele ulipiga," walimwambia. "Breki ulishika. Mtu hukumgusa. Sema hivyo tu, na usiongeze. Ukiongeza, vijia vitafungwa." Hoza aliona maneno hayo yana ukweli, kila neno. Lakini kazi ilimshinda. Kila alipofunga kengele kwenye usukani wa mteja na kuijaribu, aliifungua tena akaiweka kando.

Ndipo akapanda mpaka kwenye nyumba ya msiba. Mlango ulikuwa wazi. Aliwaona wote wawili, mzee ameketi kwenye kigoda, Singano ameegemea ukuta, uso ameuficha magotini. "Hodi," aliita. Hakuna aliyejibu. Akaita mara ya pili na ya tatu, kisha akageuka akaenda zake, kama inavyotakiwa. Kesho yake akarudi, ikawa vile vile. Mara iliyofuata, alipokwisha kuita na kugeuka, Mzee Mahanyu akasema naye.

"Wewe, mbona huingii? Mlango uko wazi, na unatuona tumo."

"Shikamoo, mzee. Sijakaribishwa."

"Marahaba. Kwa hiyo mtu akibisha na asijibiwe, hufanya nini?"

"Hurudi alikotoka."

"Nani alikufundisha hayo?"

"Mama yangu."

"Alikufundisha vizuri. Na kule mteremkoni ulipobisha, ni nani aliyekwambia karibu?"

Hoza aliyakumbuka yale maneno ya wenzake, akayaacha. Alijiona mtu mdogo sana, na aibu ikamshika hata akashindwa kuinua macho.

"Hakuna," alisema. "Nilimwona amesogea, nikadhani nimekaribishwa."

"Hakusogea. Aliruka. Mmewazoesha watu kuruka kama kuku. Mama yake yuko begani, na miguu imeruka kabla yeye hajajua. Leo wanasema kamtupa. Mimi siwezi kumtetea, nilikuwa mbele, sikuona. Aliyeona ni wewe peke yako."

Singano aliinua uso, akamtazama Hoza kwa mara ya kwanza.

"Nisamehe, ndugu yangu," Hoza akasema. "Si wewe. Ni mimi."

"Hapa umesema," Mzee Mahanyu akajibu. "Kaseme na kule." Wala hakumkaribisha. Hoza aliyasema yote akiwa kizingitini, na akaondoka kutoka kizingitini.

Mkutanoni, wenzake walikuwa wanamtazama mdomo. Alisimama akasema kwamba kengele aliipiga, ndiyo, na kwamba kosa lilianzia hapo hapo, kwa sababu aliipiga huku ameshaamua kupita. Alisema Singano hakumtupa mama yake, na anayelitaka jina la mwenye kosa alichukue la Hoza. Mtu mmoja akauliza kama basi kengele zote zing'olewe. Mzee Mahanyu ndiye aliyejibu, bila kusimama.

"Kengele ziacheni. Kengele ni hodi. Lakini si karibu."

Vijia vilifungwa kwa baiskeli hata hivyo, na Hoza alipoteza marafiki ambao hawakumrudia tena. Mvua nyingine zilikuja zikapita ndipo vikafunguliwa, kwa sharti analolisimamia mama wa tiketi mpaka leo. Ukimwona mtu, piga kengele ukiwa mbali, simama, weka mguu chini, ungoje uambiwe upite. Mwenye mzigo usimpigie kabisa. Mfuate polepole mpaka atakapotua.

Siku moja baada ya hapo, Hoza alikuwa anashuka mteremko ule ule, akamwona Singano mbele yake na shina la mgomba begani. Hakupiga kengele. Alishuka, akaisukuma baiskeli taratibu. Lakini jiwe lilirusha gurudumu, na kengele ikalia yenyewe, kidogo tu.

Mabega ya Singano yalishtuka. Hoza akasimama palepale. Miguu ya Singano haikuruka. Aliendelea kutembea kwa mwendo wake, mpaka pale kijia kinapopanuka, akautua mzigo, akageuka.

"Karibu," alisema. "Pita."

Hoza alimpita kwa miguu, baiskeli mkononi, na machozi yalimtoka wala hakuyafuta.

Basi kesho mkifika mteremkoni, mkaona mgongo wa mtu mbele yenu, msihesabu kwamba mmeshapishwa kwa kuwa mmesikika. Shusheni miguu, mngoje. Kengele ni hodi, si karibu.