Bi Mwanatumu na Liwali Asiyezaliwa

Paukwa!

— Pakawa!

Sauti gani hiyo? Mmefunga? Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Zamani, kale ya kale, kabla mimi sijajifunza kutia chumvi, palikuwa na kijiji, na katika kijiji hicho palikuwa na bibi, jina lake Bi Mwanatumu.

Alfajiri mngemsikia kabla hamjamwona. Mitalawanda yake ya mti inakwenda kisimani kutia udhu: ko, ko, ko. Majogoo walikuwa wakimsubiri yeye ndipo wawike. Sala tano hazimpiti, sunna hazimpiti, mgonjwa hampiti bila kumpelekea uji.

Watoto wa kuzaa alikuwa nao saba. Wa kunyonyesha, Mungu ndiye ajuaye. Mama akiugua, mama akikaukiwa maziwa, mtoto analetwa kwa Bi Mwanatumu: nyaa, nyaa, nyaa! Anapakatwa. Kimya.

Nanyi mnaijua sheria ya maziwa. Mtoto aliyenyonya kwako ni mwanao. Wanao ni ndugu zake. Kuoana, haramu. Ndiyo maana kijana wa pale akitaka kuposa, alipita kwanza kwa Bi Mwanatumu: "Shikamoo, bibi. Yule ni mchumba wangu au ni dada yangu?"

"Marahaba. Yule ni dada yako. Jaribu nyumba ya pili."

Kasoro alikuwa nayo moja. Hakuweza kusema uongo, hata ule mdogo wa adabu. Akiuza mbaazi: "Hizi zina wadudu, mwanangu, kanunue kwa jirani." Wakwe wakaja kumuuliza habari za kijana mmoja, Msuo. "Ni mwema," akasema, "ila anakoroma, makuti yanadondoka." Posa ikavunjika pale pale.

Basi, akaletwa kijijini Liwali mpya, Liwali Haridi, na joho lake na askari wake. Liwali huyu alipenda mihuri. Kuchinja kuku, kibali. Kupiga ngoma, kibali. Kuezeka choo, vibali viwili: kimoja cha makuti, kimoja cha choo. Karani wake, Shee, alishinda kutwa akigonga: pwa! pwa! pwa!

Siku moja barua ikafika nyumbani kwa Badi, mkwewe Bi Mwanatumu. Pwa, pwa, pwa, mihuri mitatu. "Liwali ameridhia kumwoa Jokha binti Badi, siku ya Ijumaa, baada ya sala. Asiyeridhika aandike malalamiko, nakala tatu, yatajibiwa baada ya harusi."

Jokha akalia, kwi, kwi, kwi. Liwali ni rika la mama yake, na wake anao watatu. Akamkimbilia bibi yake, Badi nyuma yake. "Bibi, mimi simtaki! Bora nitumbukie kisimani!"

"Usiwachafulie watu maji," bibi akasema. "Badi, umekubali?"

"Nitafanyaje, mama? Barua ina mihuri mitatu!"

"Na huyo Liwali alikuja kuuliza kwanza, kama watu wote?"

"Liwali haulizi, mama. Liwali anaarifu."

Bi Mwanatumu akafunga ushungi. Ko, ko, ko, mpaka barazani kwa Liwali. Kijiji kizima nyuma yake. Liwali yuko kwenye kiti, Kadhi Muhidini yuko kwenye mkeka, Shee yuko kwenye daftari.

"Bwana Liwali," akasema, "ndoa hii haifai. Jokha ni mtoto wa binti yangu. Na wewe umenyonya kwangu. Wewe ni mjomba wake."

Kalamu ya Shee ikaanguka: tii!

"Nani? Mimi?" Liwali akafoka. "Ushahidi uko wapi? Shee, tazama daftari!"

Shee akafunua, para, para, para. "Halimo, Bwana."

"Umesikia? Halikuandikwa, kwa hiyo halikutokea!"

Kadhi akakohoa kidogo. "Shee, hebu tutazamie na kuzaliwa kwake Bwana Liwali."

Para, para, para. "Hakumo, Sheikh."

"Basi kwa kanuni hiyo Bwana Liwali bado hajazaliwa. Nami sikusomea kuozesha asiyezaliwa."

Watu wakacheka hadi askari wakasahau kukunja uso. Liwali hakucheka. "Bibi huyu anamwokoa mjukuu wake," akasema. "Nani kati yenu asingesema hivyo?"

Kicheko kikakatika. Hilo lilikuwa neno. Kadhi akalifikiri. "Kweli. Tunao ulimi wake tu. Je, yupo aliyewahi kumsikia mama huyu akisema uongo?"

Nyuma kabisa mtu akaita: "Mimi!" Ni Msuo. "Mimi niliwahi kumwomba uongo, Sheikh! Mmoja tu, mdogo, mbele ya wakwe. Akaninyima. Nimelala peke yangu miaka minne! Kama kumbe anao, alinibania mimi akamwekea Jokha, leo tutagombana!"

"Sina, mwanangu," akasema Bi Mwanatumu. "Ningekuwa nao ningekupa. Nilikuonea huruma sana."

Kadhi akafuta machozi ya kicheko. "Mama, sheria yataka mara tano za kushiba. Alinyonya mara ngapi?"

"Siku arobaini, usiku na mchana. Binti yangu kulia, yeye kushoto. Na akiuma kwa ufizi wake, waona moto!"

"Hajaacha," mtu akanong'ona.

Liwali akainua mkono. Sauti iliyomtoka haikuwa ya barua. "Kwa nini kwako? Mama yangu alikuwa wapi?"

"Hawakukuambia?"

"Baba alinichukua mchanga, akanipeleka mjini. Nyumbani kwetu hatajwi."

"Alikuwa chumbani kwangu, kalazwa. Homa ya uzazi. Kila nikikunyonyesha alitaka mkono wake uwe mgongoni mwako. Nguvu hana, nauweka mimi. Siku ya arobaini ukateleza. Nikaurudisha. Ukateleza."

Liwali akashuka kitini. Akaketi mkekani.

"Mbona hukuniambia nilipokuja?"

"Ulikuja na joho na askari. Ningesema, ungedhani natafuta kibali cha kuku. Mimi nilikunyonyesha kwa ajili ya Mungu, naye hasahau."

Liwali akaichukua ile barua, akaichana: charaa!

"Bwana," Shee akasema, "kuchana waraka rasmi kunahitaji—"

"Shee."

"Naam, Bwana."

"Nyamaza." Kisha akamgeukia bibi, akainama, akaubusu mkono wake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Twende ukale."

Jokha aliolewa mwaka wa pili na kijana aliyemtaka mwenyewe, kijana aliyekuja kuuliza kwanza. Mjomba Liwali alibeba viti vya harusi kichwani.

Miaka ikaenda. Bi Mwanatumu akafa juu ya mswala, baada ya alfajiri, na tasbihi mkononi. Mnajua mwanamke hushushwa kaburini na maharimu zake, wale walioharamishwa kumwoa. Wakajitokeza wana wa maziwa thelathini na mmoja! Kaburi linachukua watatu. "Mimi nilinyonya miezi sita!" "Wewe ulikuwa mlafi tu, rudi nyuma!" Kadhi akatamani kulia na kucheka. Akatokea Liwali, mzee sasa, na fimbo yake. Akalivua joho, akampa Shee. Hakuna aliyebisha. Akashuka chini ya shuka lililotandazwa juu ya kaburi, akampokea mama yake, akamlaza.

Walipomaliza, wafiwa wakajipanga kupokea mikono ya pole. Mstari ukaanzia kaburini ukapita msikiti ukafika sokoni. Kila mtu mfiwa! Aliyebaki wa kutoa pole ni Shee peke yake, maana yeye alizaliwa kijiji kingine. Akaupitia mstari wote, mkono kwa mkono, "Pole, pole, pole," mpaka jua likapinduka. Wa mwisho alikuwa Liwali. Mkono wake ulikuwa na udongo.

"Pole, Bwana."

"Ahsante, Shee," akasema. "Nimefiwa na mama."

Basi nyinyi mnaonisikiliza: kabla hamjaposa, ulizeni. Na semeni kweli hata kwenye mambo ya mbaazi, ili siku ya jambo kubwa neno lenu litoshe. Hadithi yangu nimeitua hapa. Anayetaka kuongeza aongeze, ila uongo asitie, bibi anasikia.