Nungunungu Akataa Kuvunja Chama

— Ngano!
— Njoo, tumekaa tayari.
— Nikija mtanipokea?
— Tutakupokea na kukujibu.

Hapo kale, kale sana, kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa, palikuwa na bwawa moja katika nchi kavu. Ndani ya bwawa aliishi Mamba. Wanyama wote walikunywa humo, na Mamba aliwala, leo huyu, kesho yule.

Wanyama wadogo wakachoka kulia. Wakaunda chama. Sharti lake lilikuwa moja: hakuna kwenda bwawani peke yako. Nusu wanywe, nusu walinde, kisha wabadilishane. Wakamchagua Nungunungu, mama wa watoto wawili, awe mwenyekiti. Tangu siku hiyo Mamba hakupata hata mmoja.

Kisha mvua ikakataa. Ikakataa masika, ikakataa vuli, ikakataa masika tena. Bwawa likanywea, likabaki dimbwi dogo, na Mamba amelala humo kutoka ukingo hadi ukingo. Hapakuwa tena na pa kusogelea.

Nungunungu akaita mkutano. Akawaambia wanachama kwamba watachimba kisima chao wenyewe katika mto mkavu. Mhanga, mwenye kucha ndefu, akatangulia kuchimba, wengine wakatoa mchanga. Wakaishi kwa kulamba umande na kutafuna mizizi. Na walipochimba waliimba:

Tupo, tupo, hatuondoki,
Jua lichome, hatuondoki,
Chimba, mwenzangu, chimba.

Wakachimba, wakapata vumbi. Wakachimba tena, wakapata vumbi. Wakaanza kunung'unika. Wengine wakasema chama kimekufa, mwenyekiti ndiye hajaambiwa.

Mamba akasikia, akafurahi. Akamtuma Kenge.

Mara ya kwanza, Kenge alimjia Nungunungu mwenyewe. Akamnong'oneza kuwa Mamba anamheshimu sana, aje na wanawe wanywe mpaka watosheke, mradi awaambie wenzake waache kuchimba na chama kivunjwe.

Nungunungu akawatazama wanawe. Midomo ilikuwa imewapasuka kwa kiu. Moyo ukamuuma.

"Na wanachama wangu?" akauliza.

"Hao hawakualikwa," akajibu Kenge.

"Basi na mimi sikualikwa."

Asubuhi akawasimulia wote, hakuficha neno.

Mara ya pili, Kenge aliwaendea wanachama. Akawaambia kwamba kinachomkera Mamba ni kelele za kundi, na kwamba atakayetoka chamani akaja peke yake atakunywa kwa amani. Ngiri akatoka. Ndugu yake akamfuata. Siku za mwanzo walikunywa kweli, kila mmoja kwa wakati wake, wakarudi na midomo imelowa. Walipopita mtoni waliwacheka wachimbaji.

Siku moja ndugu yake Ngiri hakurudi. Ngiri akaenda kumtafuta, naye akarudi anachechemea, paja limechanika.

Wanachama wakataka afukuzwe. Sungura ndiye aliyekuwa mkali zaidi.

"Alitucheka," akasema.

"Ni kweli, alitucheka," Nungunungu akajibu. "Na leo amefiwa. Mpeni nafasi shimoni."

Ngiri akaingia shimoni. Akachimba huku analia, na hakuna aliyemsemesha.

Mara ya tatu, Mamba alikuja mwenyewe. Njaa ilikuwa imemzidi. Alitambaa juu ya mchanga tangu alfajiri, akalikuta shimo limekwenda chini sana, akaamuru lifukiwe.

"Mna mvua? Hamna," akasema. "Mna maji? Hamna. Mna nini ninyi?"

Nungunungu akasimama mbele ya shimo. Akamgeuzia mgongo, akasimamisha miiba yake yote.

"Tuna chama," akasema. "Na hatukifukii."

Mamba akazunguka upande wa pili, akakutana na meno ya Ngiri. Akazunguka tena, akawakuta Sungura na wengine wamesimama bega kwa bega, wanatetemeka, lakini wamesimama. Chini shimoni Mhanga hakuacha kuchimba. Basi Mamba akalala mchangani, akasema atawangoja mpaka wachoke. Nao wakaimba:

Tupo, tupo, hatuondoki,
Jua lichome, hatuondoki,
Chimba, mwenzangu, chimba.

Jua likapanda. Mamba ni wa majini. Ngozi ikawaka moto, pumzi ikamkatika, macho yakamfifia. Saa ya adhuhuri akageuka, akajikokota kurudi alikotoka. Hawakumwona tena mtoni pale.

Jioni ile mchanga ulitoka umelowa. Kulipokucha maji yalikuwa yamejikusanya chini, kidogo, tena machafu, funda moja kwa kila mmoja. Watoto wakanywa kwanza. Ngiri akanywa. Nungunungu akanywa mwisho, akafuta mdomo, akauliza zamu ya kuchimba ni ya nani.

Mvua yenyewe ilikuja baadaye sana. Ilipokuja, hakuna aliyekuwa akiingoja.

Enyi mnaonisikiliza, ngano hii yatufunza hivi: anayewaita mmoja mmoja hawatakii mema, hata akiwa na maji. Na kiongozi wa siku ngumu hukataa kunywa peke yake, na humpokea mwenzake aliyeteleza akarudi.

Nimewapa yangu yote, sikubakiza. Mwenye yake na ainuke, nami nikae nisikilize.